Surua na Macho ya Watoto

Sisi tukaao Nyahanga na katika nchi yote ya Shinyanga twapenda viazi vitamu. Tukivikata na kuvianika vyaitwa michembe, navyo hutushikilia mpaka mvua zirudi. Lakini kiazi cheupe hakina vitamini A ya kutosha, nayo ndiyo lishe itakiwayo na jicho. Mtoto apungukiwaye huanza kwa kutoona vizuri jioni. Kisha surua ikimshika, akiba ndogo iliyobaki mwilini huisha upesi. Kioo cha jicho hukauka, hutoboka, wala hakirudi tena.

Habari hii ilichunguzwa Tanzania. Daktari Allen Foster, aliyefanya kazi katika hospitali ya kanisa ya Mvumi, Dodoma, pamoja na Alfred Sommer wa Marekani, walitangaza mwaka 1987 habari za watoto 130 wenye vidonda vya kioo cha jicho. Watoto 37 katika kila 100 walikuwa wametoka kuugua surua. Wengine waliumizwa na dawa yenyewe: maji ya majani yaliyotiwa machoni kwa huruma. Tusiwacheke wazazi wale. Mama aonaye jicho la mwanawe limevimba, na zahanati iko mbali, atafanya nini?

Chanjo ya surua ilianza kuenezwa nchini mwaka 1975, na baadaye watoto wakapewa matone ya vitamini A. Hivyo wengi wamekingwa macho kwa sindano ya mkononi, na mama zao hawajui ni kitu gani walichoepushwa.