Insulini, Unene na Njaa: Utafiti wa Kisukari kutoka Muhimbili hadi Jirani ya Basotu

Insulini hutengenezwa na kongosho. Kazi yake kubwa ni kuiwezesha sukari iliyomo kwenye damu kuingia katika misuli na katika mafuta ya mwili, na pia kulizuia ini lisimwage sukari nyingine wakati haihitajiki. Kisukari huanza pale kazi hiyo inapokwama, nayo hukwama kwa njia mbili. Ama kongosho haitoi insulini ya kutosha, ama insulini ipo lakini mwili umekuwa sugu kwayo na hauitikii. Njia ya pili ndiyo inayohusishwa na unene, hasa mafuta ya tumboni, na ndiyo iliyotawala vitabu vya tiba vya Ulaya na Marekani. Ni ipi kati ya hizo mbili inayowaletea ugonjwa watu wa Tanzania? Swali hilo limewashughulisha watafiti kwa zaidi ya miaka 40. Lilianzia katika kliniki ya Dar es Salaam, likaenda vijijini, na sehemu yake muhimu ikaja kutafutiwa jibu katika nchi inayoizunguka Basotu, kwenye nyanda za Mbulu na Hanang, ambako wakulima Wairaqw, wafugaji Wabarbaig na wawindaji Wahadzabe wanaishi jirani, kila watu na namna yao ya kujipatia riziki.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba kisukari hakiwahusu Waafrika. Mwaka 1901 Albert Cook, daktari mmisionari wa hospitali ya Mengo huko Uganda, aliandika kwamba ugonjwa huo ulikuwa wa nadra lakini ukimpata mtu humuua. Wakati huo haukuwa na dawa popote duniani. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, alidungwa Januari 1922. Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London alionyesha kwamba wagonjwa hawako sawa: wapo wanaoitikia insulini upesi, na wapo ambao insulini haiwafanyi lolote la maana. Huo ndio mwanzo wa kutenganisha kisukari cha upungufu wa insulini na kisukari cha usugu.

Maarifa hayo hayakuwa na maana kubwa Afrika Mashariki bila hesabu, na hesabu zilizokuwapo zilitoka hospitalini tu. Anayehesabu wagonjwa wa hospitali huwahesabu waliofika. Aliyezidiwa na kufia kijijini, akasemekana amerogwa au amekufa kwa homa, haonekani kwenye daftari. Kwa hiyo usemi kwamba kisukari ni nadra ungeweza kuwa kweli, na ungeweza vilevile kuwa ushahidi wa umbali kati ya nyumba na zahanati.

Kazi ya kuufuta mkanganyiko huo iliongozwa na Donald McLarty, daktari Mskoti aliyekuwa profesa wa tiba katika hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, akishirikiana na madaktari Watanzania ambao majina yao yanastahili kukumbukwa pamoja na lake: Andrew Swai, Henry Kitange, Janet Lutale, Kaushik Ramaiya na wengine. Kutoka Newcastle, Uingereza, walisaidiwa na George Alberti, mmoja wa walioandaa vigezo vya kimataifa vya kupima kisukari. Kuanzia mwaka 1981 kila mgonjwa mpya aliyefika katika kliniki ya kisukari ya Muhimbili aliandikishwa na kufuatiliwa. Hadi mwaka 1987 walikuwa 1,250. Karibu theluthi mbili walikuwa na kisukari kisichohitaji insulini, zaidi kidogo ya mmoja kati ya watano walihitaji insulini ili waishi, na waliobaki, asilimia 12, hawakuingia vizuri katika kundi lolote. Kundi hilo la mwisho lilikuwa dogo, lakini lilitoa onyo ambalo lingeeleweka miaka mingi baadaye: vitabu vya ng'ambo havikuwa na jina la kila mgonjwa wa Dar es Salaam.

Kufuatilia wagonjwa kulionyesha pia jinsi walivyokufa. Waliohitaji insulini waliuawa zaidi na damu kujaa asidi kwa kukosa insulini, au na maambukizi. Vifo hivyo kwa sehemu kubwa huzuilika. Mwaka 1992 McLarty, Swai na wenzao walichapisha hesabu ya gharama. Katika mwaka wa 1989 na 1990 kumtibu mgonjwa anayetumia insulini kuligharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, na asiyetumia insulini dola 103. Kwa mkulima au mfanyakazi wa kima cha chini wa wakati ule, fedha hizo hazikuwa za kuzungumzwa. Waliuliza wazi kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua Afrika, na namba zao zilijibu kwamba kinachoua ni bei na ukosefu wa dawa. Kabla ya hapo, mwaka 1985, Chama cha Kisukari Tanzania kilikuwa kimeanzishwa, na watafiti walewale wakawa ndio waelimishaji na watetezi wa wagonjwa.

Hatua iliyoipa Tanzania jina katika sayansi hii ni upimaji wa vijijini. Vilichaguliwa vijiji sita katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na watu wazima 6,097 wa kuanzia miaka 15 wakapimwa. Mtu alitakiwa kufika bila kula tangu jana yake, anywe gramu 75 za glukosi zilizokorogwa katika maji, asubiri saa mbili, kisha atolewe damu. Kuwashawishi maelfu ya wanakijiji waache shamba asubuhi, wakae na njaa, wanywe kitu kitamu na kutobolewa ni kazi ya uongozi wa kijiji kama ilivyo ya daktari. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1989. Waliokutwa na kisukari walikuwa 53, yaani asilimia 0.87. Basi unadra ulikuwa wa kweli, na haukutokana na daftari bovu la hospitali. Lakini karibu asilimia 8 walikuwa na sukari iliyopanda kiasi, isiyofikia kisukari, na hapo palionekana kama pana hatari iliyojificha.

Watafiti hawakuishia hapo, na huu ndio upande wa kazi yao unaostahili heshima kubwa zaidi. Walirudia kipimo baada ya muda mfupi. Wengi waliokuwa wamehesabiwa kuwa na sukari ya kati walikutwa wazima. Ilielekea kwamba woga wa sindano na ugeni wa shughuli nzima ulikuwa umepandisha sukari siku ya kwanza, kwa kuwa homoni za hofu hupingana na insulini. Mwaka 1991 waliandika kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Ni watafiti wachache wanaokubali kuipunguza namba yao wenyewe iliyokwisha kuwapa sifa.

Walifanya vivyo hivyo kwa nadharia ya muhogo. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeingiza katika orodha yake aina ya kisukari inayotokana na utapiamlo, na baadhi ya wanasayansi walidai kwamba sumu ya sianidi iliyomo katika muhogo huiharibu kongosho. Swai na wenzake walikwenda kwa watu ambao muhogo ndio chakula chao cha kila siku, wakapima sukari na dalili za sianidi mwilini. Kisukari hakikuwa kingi kuliko katika vijiji visivyokula muhogo. Muhogo ulifutiwa kesi mwaka 1992.

Hali ya mjini ilikuwa nyingine. Utafiti wa miaka ya 1996 na 1997 ulilinganisha Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Shari kisukari kilikuwa asilimia 1.7 kwa wanaume na 1.1 kwa wanawake. Ilala kilikuwa 5.9 na 5.7. Je, mji huwanenepesha watu, au watu wa aina fulani ndio wanaohamia mjini? Timu iliyoongozwa na Nigel Unwin ilijibu kwa kuwafuata watu 209 waliotoka Morogoro vijijini kwenda kuishi Dar es Salaam. Baada ya miezi 12 walikuwa wameongezeka zaidi ya kilo 2 kwa wastani, wanaume na wanawake vilevile. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi nzito walishuka kutoka asilimia 79 hadi 26. Mwaka mmoja tu ulitosha.

Basotu iliungana na mji huo kwa njia ya ngano. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hasa katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la taifa la kilimo na chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa kuzunguka Ziwa Basotu kwa msaada wa Kanada: Basotu yenyewe, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na Gidagamowd. Ekari zipatazo 100,000 za malisho bora ya Wabarbaig zikawa ngano kwa ajili ya mikate, na mlaji mkubwa wa mkate alikuwa mtu wa mjini. Hakuna anayeweza kudai kwamba mkate wa Basotu uliwapa watu wa Ilala kisukari. Lakini badiliko lilikuwa moja: mfugaji alipoteza ardhi iliyompa maziwa, na mtu wa mji akapata wanga uliosagwa, wa bei nafuu na wa karibu.

Upande wa pili wa nyanda hizo, katika bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe walikuwa wamewavuta watafiti tangu karibu mwaka 1960, wakati James Woodburn alipoishi nao na Derrick Jelliffe wa Makerere alipopima afya ya watoto wao. Mwaka 1972 Nigel Barnicot na wenzake walichapisha vipimo vya damu vilivyoonyesha kolesteroli ya chini. Wepesi wao ulielezwa kirahisi: wanatembea sana, kwa hiyo wanaunguza nguvu nyingi, kwa hiyo hawanenepi.

Maelezo hayo yalipimwa na Herman Pontzer, Brian Wood, David Raichlen, Frank Marlowe na Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wazima 30 walinywa maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, ambayo hayadhuru. Kwa kupima mkojo kwa siku kadhaa hujulikana ni kasi gani kila moja inatoka mwilini, na tofauti ya kasi hizo huonyesha hewa ya kaboni iliyotolewa, yaani nguvu iliyounguzwa. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake 5.8. Hata hivyo, matokeo ya mwaka 2012 yalikuwa kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawaunguzi nguvu nyingi kuliko wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya. Pontzer aliyaendeleza hayo kuwa hoja ya maisha yake ya kitaaluma: mwili una bajeti, na anayetembea sana hubana matumizi mahali pengine. Ikiwa ni hivyo, tofauti ya unene inatokana zaidi na chakula. Wahadzabe wanakula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama. Sukari ipo, lakini iko ndani ya nyuzinyuzi au juu ya mti mrefu wenye nyuki.

Isieleweke kwamba kutembea hakuna faida. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo, na hubaki mwepesi kuiitikia kwa saa nyingi baadaye. Mwaka 2020 Raichlen na wenzake walieleza kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa ofisini, ila mara nyingi huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu haizimiki kama ya mtu aliyezama kwenye kiti.

Habari ya mwisho inahusu njaa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, huwahudumia pia watu wa Hanang. Ilikuwa miongoni mwa vituo vya nchi nane vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa, na kiwango cha kudumaa cha watoto wa hapo kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa. Tangu mwaka 1992, Nicholas Hales na David Barker wa Uingereza walikuwa wamependekeza kwamba mtoto anayekua kwa njaa hujenga kongosho dhaifu, na hulipa deni hilo utu uzimani. Jijini Mwanza, George PrayGod wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Suzanne Filteau wa London waliwapima watu wazima, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakakuta kwamba chanzo kikubwa cha kisukari chao kilikuwa upungufu wa insulini zaidi kuliko usugu wa mwili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulitaja sukari ya juu kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na umri vilitofautiana na vya mwaka 1989, lakini ongezeko ni dhahiri.

Shirika la Afya Duniani lilikiondoa kisukari cha utapiamlo katika orodha yake mwaka 1999. Aprili 2025, mjini Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua upya na kukipa jina la kisukari aina ya tano.