SQLite: kutoka manowari ya Marekani hadi simu za Bunagana

Waasi wa M23 walipouteka mji wa Bunagana, Kivu Kaskazini nchini Kongo, tarehe 13 Juni 2022, maelfu ya watu walivuka mpaka na kuingia Kisoro, Uganda. Aliyekuwa na simu ya Android alivuka na hifadhidata mfukoni bila kujua. Hata rezo ikikatika, namba za ndugu na ujumbe wa zamani wa WhatsApp hufunguka vilevile, kwa kuwa vimo ndani ya simu yenyewe, kwenye mafaili ya hifadhidata iitwayo SQLite.

Kero iliyoizaa SQLite, mtu wa Kivu ataielewa upesi. Mwaka 2000, Mmarekani D. Richard Hipp alikuwa akiandika programu ya manowari ya nchi yake. Bomba likipasuka, programu iwaonyeshe mabaharia valvu za kufunga. Data zilitunzwa na Informix, hifadhidata yenye seva yake. Seva ikianguka, programu nayo ilikwama. Skrini ikatangaza kwamba programu imeshindwa kuunganishwa na seva. Hipp akajiuliza: ikiwa data zimo kwenye diski ya mashine hiihii, seva ya kati ni ya nini? Toleo la kwanza la SQLite likatoka Agosti mwaka huohuo.

Aliiandika kwa C, lugha ya Dennis Ritchie ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mifumo mingi ya kompyuta. SQLite haisimami peke yake: msimbo wake huunganishwa na programu yako, vikawa kitu kimoja. Unaita sqlite3_open, faili linafunguka. Kisha sqlite3_prepare_v2 inageuza sentensi ya SQL kuwa maagizo. Halafu sqlite3_step inayatekeleza na kukuletea safu mojamoja. SQL yenyewe ilibuniwa IBM miaka ya 1970, kwa kompyuta kubwa za ofisini. Nani angedhani ingeishia kwenye simu ya muuza viazi?

Mimi hunivutia zaidi tahadhari ya SQLite. Kabla ya kugusa ukurasa wa faili, kwa kawaida huunakili kwanza pembeni. Betri ikizima katikati ya kazi, faili likifunguliwa tena nakala ile hurudishwa mahali pake. Badiliko huingia lote, au haliingii kabisa.

Android ilipokuja na SQLite ndani yake, wengine walijenga juu yake. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Washington kilianza mradi wa ODK, wa kukusanya majibu ya dodoso kwa simu. Juu yake ikajengwa KoboCollect, inayotumiwa na mashirika ya misaada. Mhoji anajaza fomu mahali pasipo na mtandao, na SQLite inaweka orodha ya zilizokamilika na zinazosubiri kutumwa.

Kuitumia SQLite ni bure: msimbo ni mali ya umma. Muundo wa faili wa toleo la 3, la mwaka 2004, bado unasomeka, na watunzaji wake wameahidi kuuhudumia hadi 2050.