Ushahidi kwa Lugha ya Nani? Tarikhi ya Blogu na Funzo la Eldoret

Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, aghalabu hutajwa kwa ajili ya wakimbiaji wake hodari na kwa mahindi na ngano ya Uasin Gishu. Lakini una fungu lake pia katika tarikhi ya uandishi wa mtandaoni wa Afrika Mashariki, fungu ambalo halisimuliwi sana kwa kuwa lilipatikana katika siku za msiba. Ni wajibu kulisimulia hata hivyo, maana ndani yake mna funzo ambalo wenye kalamu wa nchi hii bado hatujalitekeleza.

Hamu ya raia wa kawaida kutaka neno lake lisomwe na umma haikuzaliwa pamoja na kompyuta. Gazeti la Mambo Leo, lililoasisiwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, liliwafungulia wasomaji kurasa zake wakaleta barua na mashairi. Na Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, likafuata njia hiyo hiyo. Wenye lugha nyingine nao hawakukaa kimya: Muigwithania la Kikikuyu lilitoka mwaka 1928 Jomo Kenyatta akiwa mhariri wake, na Henry Muoria akachapa Mumenyereri tangu 1945 hata serikali ya kikoloni ilipolipiga marufuku mwaka 1952, ilipotangazwa hali ya hatari. Almuradi, katika zama zote hizo mwandishi, hata awe fasaha wa namna gani, alikuwa chini ya hisani ya watu watatu: mhariri, mwenye mtambo, na mtawala.

Blogu ndiyo iliyoondoa hisani hiyo. Ilipotoka programu ya Blogger mwaka 1999, mtu asiye na fedha wala mtambo aliweza kuwa mwandishi, mhariri na mchapaji wa ukurasa wake mwenyewe. Miongoni mwa wa kwanza kuitambua fursa hiyo kwa ajili ya Kiswahili alikuwa Mtanzania Ndesanjo Macha, mwandishi wa makala magazetini, ambaye blogu yake ya Jikomboe ilitangaza kwa jina lake hasa ile nia aliyokuwa nayo, naye hakuridhika kuandika peke yake bali aliwahimiza wenzake wafungue kurasa zao. Mpigapicha Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005 akiwa safarini Helsinki, na kwa picha za viongozi, za harusi na za misiba, zenye maelezo ya Kiswahili cha mitaani kinachoeleweka na kila mtu, akawa ndiye kiungo cha Watanzania waliotawanyika duniani na habari za kwao.

Kenya nayo haikuchelewa, ila ilishika njia nyingine. Daudi Were aliwakusanya wanablogu wa nchi hii katika jumuiya moja tangu mwaka 2004, na Ory Okolloh, mwanasheria aliyeandika kwa jina la Kenyan Pundit, alijipatia wasomaji wengi kwa uchambuzi wake wa siasa. Lakini takriban wote waliandika kwa Kiingereza. Si jambo la kuwalaumu. Kiingereza ndicho walichosomeshwa kukiandikia, na wasomaji wao walikuwa wasomi wa mijini na jamaa walioko ughaibuni, kwa kuwa intaneti ya siku hizo ilitegemea setilaiti, iliuzwa kwa dakika katika saiba, na bei yake haikumwezesha mkulima wa Moiben wala mchuuzi wa sokoni kuisogelea.

Ndipo ikafika tarehe 30 Desemba 2007. Matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, nchi iliingia gizani wakati ule ule ilipohitaji nuru. Siku ya Mwaka Mpya kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, wanawake na watoto wakiwamo. Barabara zilizibwa kwa mawe, maduka yakafungwa, vocha za simu zikaadimika, na maelfu ya waliofukuzwa makwao wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho. Juliana Rotich, mwanablogu aliyejulikana kwa jina la Afromusing, alikuwa Eldoret siku hizo, akaendelea kuandika aliyoyashuhudia. Okolloh alipotoa wito wa kutengenezwa ramani ya mahali palipotokea ghasia, yeye na Rotich, pamoja na Erik Hersman na David Kobia, walianzisha katika siku chache za Januari 2008 tovuti ya Ushahidi, iliyopokea taarifa za raia kwa simu na kwa mtandao na kuziweka juu ya ramani. Miaka miwili baadaye chombo hicho kilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Fahari hiyo ni ya haki, na mwenye kuikana amewadhulumu waliojitolea. Lakini tukumbuke jambo la pili, lililo chungu zaidi. Wakati ushahidi ulipokuwa ukiandikwa kwa Kiingereza na kusomwa London na Boston, uvumi na uchochezi ulikuwa ukienea kwa lugha za nyumbani, kwa jumbe fupi za simu na katika baadhi ya redio. Na Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza maafa yale yaliyoua watu zaidi ya 1,100, ilizitaja redio za lugha za kienyeji pamoja na jumbe hizo. Wako waliolitumia jambo hili kama hoja ya kuzishuku lugha zenyewe, kana kwamba Kikalenjin au Kikikuyu kina chuki katika sarufi yake. Rai hiyo ni batili. Lugha ya mama ilitumika kuchochea kwa sababu ndiyo inayoingia moyoni, na kosa la wenye maarifa lilikuwa kuwaachia wachochezi uwanja huo, wao wenyewe wakienda kusema ukweli mahali ambapo jirani zao hawasikii.

Tangu hapo vikwazo vya vifaa vimepungua mno. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, simu za mkononi zikawa ndizo saiba za kila mtu, na mwaka 2011 wanablogu wa Kenya wakaunda chama chao. Badala ya vikwazo vya vifaa vikaja vya sheria. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kikitumiwa kuwashtaki waandishi wa mtandaoni, lakini mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya makosa ya kompyuta, ambayo chama hicho kiliipinga mahakamani. Na mwaka huo huo Tanzania iliwatoza wanablogu ada na leseni zilizofikia kiasi cha shilingi milioni 2, baadhi ya blogu za Kiswahili zikafungwa. Wasomaji wengi nao wamehamia Facebook, WhatsApp na video, ambako neno la leo huzikwa na la kesho, ilhali blogu huhifadhi maandishi kwa tarehe, mtu akayarejea baada ya miaka kumi.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni yetu. Eldoret ina Chuo Kikuu cha Moi, kilichoasisiwa mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Eldoret, na kila mwaka vijana wanaohitimu humo wanarudi katika nyumba ambamo mambo mazito huzungumzwa kwa Kinandi, kwa Kikeiyo, kwa Kiluhya au kwa Kikikuyu, na sokoni wote hukutana kwa Kiswahili. Kijana wa namna hiyo akiandika bei ya mahindi, hesabu ya fedha za kaunti na habari iliyothibitishwa, kwa lugha ambayo bibi yake akisomewa ataielewa na kuihoji, atakuwa amejenga kinga ambayo haikuwapo mwaka 2008. Kinga hiyo haijengwi siku ya ghasia. Hujengwa katika miaka ya amani, mwandishi na msomaji wakizoeana hata neno lake likaaminika kabla halijahitajika.