Mirija Katika Chungu Kimoja: Historia ya Utani, Ubishi na Kuchepuka Bungoma na Kitale

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuyagawa mazungumzo ya watu katika mafungu. Ulumbi huwekwa upande mmoja, soga upande wa pili, na malumbano ya utani hupewa kifungu chake peke yake. Mgao huo una faida darasani, kwani humwezesha mwanafunzi kutaja sifa za kila utanzu na kuutolea mifano. Hata hivyo, wazungumzaji wenyewe hawaitambui mipaka hiyo. Wazee walioitwa kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba huanza na shamba, wakaingia katika mzaha juu ya upara wa mmoja wao, wakabishana kuhusu mwaka wa nzige, ndipo wakarejea kwenye shamba. Mara nyingi mtafiti huwa amekwisha kuzima kinasa sauti chake, akingoja maneno ya maana yarudi.

Makala haya yanadai kwamba kile kinachoachwa nje ya kinasa sauti ndicho kinachoyawezesha mazungumzo kuwapo. Ubishi, utani na kuchepuka ni njia ambayo watu wanaolazimika kuishi pamoja huitumia kulikaribia jambo la hatari bila kuvunjiana heshima. Kipimo cha utani hakimo katika ukali wa maneno yake, bali katika haki ya anayetaniwa ya kujibu. Dai hili litachunguzwa katika historia ya Bungoma na Kitale, miji miwili ya magharibi mwa Kenya iliyofungamana kwa uhamiaji: wa kwanza umo katika nchi ya asili ya Wabukusu, na wa pili uliwavuta Wabukusu na majirani zao kama vibarua, kisha kama wanunuzi wa ardhi.

Chungu na mirija

Kikao kilichojulikana zaidi katika jamii ya Wabukusu ni kile cha pombe ya nafaka. Chungu kiliwekwa katikati, wazee wakakizunguka, kila mmoja akiwa na mrija wake mrefu uitwao lusekhe. Mpangilio huo una maana kwa mhakiki. Hakuna jukwaa wala safu ya mbele, na fanani na hadhira hubadilishana nafasi kila baada ya sentensi chache. Hata mpiga litungu, aliyealikwa ili awatumbuize, hakuachwa aimbe peke yake: alimsifu huyu, akamkejeli yule, na aliyekejeliwa alimjibu papo hapo. Wimbo uliweza kuacha mada yake na kufuata jibu hilo.

Haki ya kutania ilikuwa na misingi yake. Uliokuwa na nguvu zaidi ni rika. Wanaume waliotahiriwa msimu mmoja, ambao Wabukusu huwaita bakoki, huambiana maneno ambayo mtu mwingine angeyatoa angetozwa faini. Tohara yenyewe hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili, nayo imejaa matusi ya kisanaa. Kijana anayepeleka habari ya tohara yake kwa mjomba hupokewa kwa dharau. Huulizwa kama kweli ataustahimili ujasiri anaoutangaza kwa njuga zake, ndipo avikwe kipande cha nyama ya ng'ombe aliyechinjwa kwa heshima yake. Tusi na zawadi hutoka katika mkono mmoja. Mwimbishaji naye, njiani, huiacha sifa ya kijana na kuwataja wachoyo, wazinzi na viongozi walafi wa kijiji. Kuchepuka huko hakumkosei mtahiriwa heshima. Kunaikumbusha jamii aina ya utu uzima anaoingizwa, na aina asiyopaswa kuiiga.

Jambo la kihistoria linalostahili kuzingatiwa ni kwamba mfumo huu wa marika haukuwa wa Wabukusu peke yao. Majina ya marika yao manane yanafanana mno na yale ya Wasabaoti wa Mlima Elgon, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikalenjin: Maina ni Maina, Chuma ni Chumo, Kolongolo ni Korongoro, Kinyikeu ni Kimnyikeu. Watu hao walipigana, wakaibiana ng'ombe, wakaoana na kuigana desturi. Aliyekuwa wa rika la Maina upande mmoja wa mto angeweza kulitaja rika lake upande wa pili na akaeleweka. Kwa maneno mengine, kabla ya kuwapo mipaka ya wilaya, tayari palikuwapo msamiati ambao ungewawezesha majirani wa lugha mbili kujua ni nani wa kumtania na ni nani wa kumstahi.

Mahali pasipokatizwa

Upo utendaji mmoja wa Wabukusu ambao, kwa mtazamo wa juu juu, unalipinga dai la makala haya. Huo ni kuswala kumuse, ulumbi wa matanga unaotolewa baada ya maziko ya mzee wa kiume mwenye hadhi. Mlumbi husimama katika uwanja ulioachwa wazi katikati ya waombolezaji, akatembea huku na huko, naye hakatizwi. Hakuna utani wala ubishi kutoka kwa hadhira.

Kinachobaki ni kuchepuka, nako kumepewa mtu mmoja. Mlumbi huanza na marehemu, lakini hakai naye. Hueleza chimbuko la watu, safari za mababu, koo na miiko yao, vita na utabiri, kisha huonya kizazi cha sasa. Msikilizaji mgeni angeweza kudhani kwamba marehemu amesahauliwa. Hivyo sivyo. Kifo cha mzee huzua maswali ya hatari: ni nani aliyekisababisha, nani atarithi, nani anadaiwa. Ubishi ungeachiwa nafasi siku hiyo, ukoo ungeweza kugawanyika kaburini. Kwa hiyo desturi humkabidhi mlumbi kazi ya kuwazungusha wote katika historia ndefu, hata huzuni ya nyumba moja ionekane kuwa sehemu ndogo ya safari ya watu wengi. Kimya cha hadhira hapa ni mkopo. Watu humkopesha mlumbi haki yao ya kukatiza kwa muda maalumu, nao huichukua tena wakikaa kuzungumzia madeni na mali.

Kumuse, basi, huthibitisha kanuni kwa kuonyesha ukingo wake. Jamii iliyojua kubishana ilijua pia siku ya kutobishana.

Baraza: neno lililogeuka

Utawala wa kikoloni ulileta aina nyingine ya kikao, na ukakipa jina la Kiswahili. Katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, na pia mazungumzo ya wanaoketi hapo. Mazungumzo hayo hayana ajenda. Huanza na bei ya samaki yakaishia katika tafsiri ya aya au ushairi wa kujibizana, na mpita njia ana ruhusa ya kutia neno. Neno hilo lilipopandishwa bara na maofisa wa serikali, lilibadilika maana. Baraza la chifu lilikuwa na meza, kiti na bendera. Mmoja alisema, wengi waliketi nyasini. Swali liliruhusiwa mwishoni, nalo lilipaswa kuhusu jambo lililotangazwa. Aliyechepuka aliambiwa akae chini.

Mfumo huo haukufa na uhuru wa 1963. Sheria za kikoloni zilizowapa machifu uwezo juu ya pombe za kienyeji na mikusanyiko ziliendelea kutumika, na mkutano wa hadhara ulihitaji leseni hadi marekebisho ya 1997. Kwa miongo mingi, kwa hiyo, mkazi wa Bungoma aliishi kati ya vikao viwili: kimoja halali ambamo hakuweza kujibu, na kingine chenye chungu ambamo aliweza kujibu lakini angeweza kukamatwa. Si ajabu kwamba maneno mazito yalisemwa katika kikao cha pili, tena yakasemwa kwa mzaha. Mhakiki anayeiona soga kuwa maneno mepesi huwa hajajiuliza ni nani aliyeulazimisha uzito ujifiche humo.

Kitale na utani usio na ukoo

Kitale ni mji wa historia tofauti. Eneo la Trans Nzoia liligawiwa walowezi wa Kizungu, hasa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na tawi la reli likaufikia mji mnamo 1926. Mashamba ya mahindi yalihitaji vibarua, nao walitoka pande zote: Wabukusu na Wateso kutoka kusini na magharibi, Waturkana kutoka kaskazini, pamoja na Wanandi, Wapokoti na wengineo. Wasabaoti walijikuta vibarua au maskwota katika ardhi waliyoihesabu kuwa yao. Baada ya uhuru, miradi ya makazi na vyama vya kununua mashamba viliongeza Waluhya wa koo nyingi, Wakikuyu na Wakisii.

Watu hao hawakuwa na mjomba wa pamoja wala rika la pamoja. Iliwabidi wabuni utani upya, na lugha waliyoutumia ilikuwa Kiswahili. Mluhya alitaniwa kwa mapenzi yake ya kuku, Mkikuyu kwa kusikia mlio wa sarafu hata usingizini, Mkalenjin kwa kibuyu chake cha maziwa. Hali hii si ya Kitale pekee. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya 1940, alieleza utani kuwa uhusiano unaounganisha urafiki na uhasama wa kujifanya. Mitchell, katika utafiti wake wa 1956 kuhusu ngoma ya Kalela katika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alionyesha jinsi makabila yaliyopigana zamani yalivyogeuza vita vyao kuwa mizaha walipokutana mjini. Tanzania nako, utani wa makabila umejengwa juu ya kumbukumbu za vita na safari za misafara.

Tofauti ya Kitale ni kwamba utani wake ulikosa mdhamini. Bakoki wakizidisha, wapo wazee wa kuwatoza faini. Katika kituo cha matatu au sokoni, aliyeumizwa na mzaha hakuwa na pa kuupeleka. Utani huo ulisimama juu ya nguzo moja tu, yaani kule kujibizana kwenyewe.

Utani unapokatwa ulimi

Nguzo hiyo ilivunjwa mwishoni mwa 1991. Mapigano yaliyozuka katika shamba la Miteitei, Nandi, mwezi wa Oktoba, yalifika Trans Nzoia na Bungoma kabla ya mwaka kwisha. Endebess na vijiji vya Mlima Elgon vilichomwa, na maelfu ya watu wakakimbilia mijini. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilitoa ripoti yake 1992. Tume ya Jaji Akiwumi iliteuliwa 1998, na ripoti yake ikatolewa hadharani 2002. Zote mbili ziligusia mchango wa wanasiasa katika uchochezi.

Kwa mhakiki wa lugha, neno la kuchunguzwa ni "madoadoa", lililotumiwa kuwataja watu wa makabila mengine katika maeneo hayo. Neno hili lina sura ya mzaha. Doa ni kitu kidogo, na mkutanoni huweza kuchekesha. Lakini sitiari yake imeficha mambo mawili. Kwanza, doa huhitaji nguo, na nguo huwa na mwenyewe. Kwa kulitaja doa, msemaji amekwisha kujimilikisha nguo. Pili, doa halisemi. Anayeitwa mla kuku anaweza kujibu kwa kibuyu cha maziwa, na mazungumzo yakaendelea. Anayeitwa doa hana jibu, kwa kuwa hakuitwa mzungumzaji bali uchafu wa kufuliwa.

Wahenga wanasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na methali hiyo imetumiwa mara nyingi kulaani utani wa makabila kwa jumla. Historia ya Kitale inadai tafsiri ya uangalifu zaidi. Usaha haukutunga pale majirani walipokuwa wakitaniana. Ulitunga pale mzaha ulipohamishwa kutoka sokoni hadi jukwaani, ukapewa kipaza sauti, na mtaniwa akawa hayupo. Neno lilelile lilisikika tena katika uchaguzi wa 2007, na mnamo Januari 2022 seneta mmoja alilitamka jukwaani mjini Eldoret akakamatwa. Sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 ina uwezo wa kumwadhibu msemaji wa aina hiyo. Haina uwezo wa kumrudishia aliyesemwa mrija wake katika chungu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ubishi, utani na kuchepuka vilikuwa na taratibu zake Bungoma. Kwamba kimya cha kumuse ni sehemu ya taratibu hizo. Kwamba baraza la serikali lilizibana. Na kwamba Kitale ilizibuni upya bila ulinzi wa ukoo. Inafuata kwamba mgao wa ulumbi, soga na malumbano ya utani, ujapokuwa na manufaa, unahitaji kusahihishwa kwa swali moja linalopaswa kuulizwa juu ya kila matini: ni nani aliyekuwa na haki ya kujibu?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kanda zilizokatwakatwa. Mtafiti anayekwenda Kimilili, Chwele, Kiminini au Endebess anapaswa kukiacha kinasa sauti kiendelee wazee wanapoliacha shamba na kuingia katika upara na nzige. Aandike kicheko kilitoka upande gani, nani alikatizwa, na nani alinyamaza baada ya mzaha fulani asiseme tena hadi kikao kikaisha. Kimya cha mtu huyo wa mwisho ndicho ambacho, katika nchi hii, kimewahi kutangulia moto.