Tezi kibofu iliyopanuka: Leza au upasuaji wa kawaida?

Mzee anayeamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, mkojo ukitoka kwa kukatikakatika, aghalabu husema ni uzee tu. Huenda kiini ni tezi kibofu, ambayo wengine huiita tezi dume: kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu na kinachouzingira mrija wa mkojo. Kwa kijana, tezi hii huwa na uzito wa gramu 20 hivi. Umri unaposonga hupanuka na kuubana mrija huo. Kupanuka huku si saratani, ingawa maradhi hayo mawili yanaweza kumpata mtu mmoja.

Kwa mkazi wa Chewele, katika Kaunti ya Tana River, kuna jambo la kuchunguzwa kwanza. Kichocho kimejulikana kwa miongo mingi katika mashamba ya unyunyizaji maji ya kaunti hiyo. Damu kwenye mkojo, basi, isidhaniwe kuwa ni ya tezi kabla ya mkojo kupimwa.

Wala si kila mgonjwa anayehitaji kupasuliwa. Tamsulosin hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na finasteride huipunguza tezi yenyewe baada ya miezi kadhaa. Upasuaji huja pale dawa zinaposhindwa, mkojo unapoziba kabisa, mawe yanapojiunda kibofuni au figo zinapoanza kudhurika.

Njia kongwe ni kupasua tumbo chini ya kitovu na kuichomoa nyama iliyozidi kwa kidole. Daktari Peter Freyer aliieneza akiwa London kuanzia mwaka 1900, na hadi leo hutumiwa kwa tezi kubwa sana. Mgonjwa hupoteza damu nyingi kiasi, na huenda akalazwa juma zima. Njia ya pili haiachi kovu: chombo chembamba hupitishwa kwenye njia ya mkojo, na waya wenye umeme huikata tezi vipande vipande. Hiyo hufaa zaidi tezi isiyozidi gramu 80 hivi.

Leza nayo hupitia njia hiyo hiyo ya mkojo. Aina moja huigeuza nyama kuwa mvuke. Nyingine, ya holmiamu, iliyoendelezwa na Daktari Peter Gilling huko New Zealand katika miaka ya 1990, huibandua nyama yote kutoka kwenye ganda lake, kisha ikasagwa na kufyonzwa nje. Hata tezi kubwa huondolewa hivyo. Kwa kuwa leza huziba mishipa papo hapo, damu hupotea kidogo, mpira wa mkojo huondolewa mapema, na wengi huenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hunufaika hasa.

Hata hivyo sifa za leza zisitiwe chumvi. Nafuu ya mkojo baada ya miaka kadhaa hailipiti sana tokeo la njia za kawaida. Nyama iliyogeuzwa mvuke haiwezi kupelekwa maabara kuchunguzwa saratani. Njia ya holmiamu huhitaji daktari aliyeifanya mara nyingi, na mitambo yake ni ghali na hupatikana katika hospitali chache za miji mikubwa. Kwa maoni yetu, kuuza ng'ombe kwa ajili ya jina la leza, huku mgonjwa akikaa miezi na mpira wa mkojo unaoalika maambukizi, ni hasara tupu iwapo daktari mzoefu wa njia ya kawaida yuko karibu.

Lipo pia swali ambalo wazee huona haya kuliuliza. Baada ya upasuaji wowote kati ya hizi, manii kwa wengi hurudi kibofuni badala ya kutoka nje. Nguvu za kiume kwa kawaida hubaki, lakini anayetaka mtoto azungumze na daktari mapema.

Damu yaweza kurejea siku 10 hadi 14 baada ya upasuaji, kidonda kinapobanduka gaga. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara karibu na Madogo, hivyo wakati wa mvua ni heri mgonjwa akae kwa jamaa aliye karibu na hospitali kwa majuma mawili, asibebe mizigo mizito, na arudi kwa daktari mara moja akiona mabonge ya damu au mkojo ukiziba.