Joto Limwonyalo Mzamiaji

Maji ya Mto Ngerengere, upitao hapa Morogoro Mjini, huungana na Ruvu na kuishia katika Bahari ya Hindi, ambamo, kwenye miamba ya matumbawe iliyo kina cha mita 50 hadi 80 mashariki mwa Unguja, alipatikana samaki Cirrhilabrus wakanda, aliyetangazwa na wataalamu mwaka 2019.

Waliomfikia walizamia na chombo kirejeshacho pumzi, ambamo hewa ya ukaa itokayo mapafuni hunaswa na punje za chokaa ya soda, nayo oksijeni iliyotumika hufidiwa.

Mnaso huo huzaa harara; na kwa kuwa sehemu yenye joto husogea mbele kadiri chokaa inavyokwisha nguvu, katika baadhi ya vyombo hivyo safu ya vihisi joto, iliyopangwa ndani ya mtungi wa chokaa, humbainishia mzamiaji kiasi cha chokaa kilichobaki, ili apande juu kabla hewa ya ukaa haijampa kuhema, kuumwa kichwa na hatimaye kuzimia.

Walakini vihisi hivyo hupima joto, si hewa yenyewe: chokaa iliyojazwa vibaya huweza kuipenyeza bila ya dalili, na kwa hiyo hadhari ya insani haina badala.