Uamsho Ulioanza kwa Kujinyooshea Kidole

Septemba 1929, watu wawili walikutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Simeoni Nsibambi alikuwa Mganda, mtumishi wa idara ya afya ya serikali. Joe Church alikuwa daktari Mwingereza, aliyefika kutoka hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoikumba nchi ile. Enzi hizo za ukoloni, Mzungu ndiye aliyefundisha na Mwafrika ndiye aliyesikiliza. Lakini hawa wawili walifungua Biblia pamoja, wakapiga magoti pamoja, kila mmoja akiukiri upungufu wake. Baadaye Nsibambi aliacha kazi, akaacha hata kuvaa viatu, akashika njia ya kuhubiri.

Huko Gahini, kando ya ziwa Muhazi, mambo hayakuwa shwari. Wamisionari na wafanyakazi Waafrika walinung'unikiana. Yosiya Kinuka, mkuu wa wahudumu wa hospitali, alisafiri hadi kwa Nsibambi, akamweleza shida zote za pale. Nsibambi hakuwalaumu Wazungu, wala hakumpa pole. Alimwambia kwamba tatizo limo moyoni mwake mwenyewe. Neno hilo lilimchoma Kinuka, na akiwa njiani kurudi alitubu. Aliporudi kazini, wenzake waliona kwamba si yule waliyemjua.

Nyani haoni kundule, walisema wahenga. Kwangu, nguvu yote ya Uamsho wa Afrika Mashariki imo katika safari ile ya Kinuka: toba iliyomfanya mtu aache kuzihesabu dhambi za jirani, aanze kuzitaja zake.

Mwishoni mwa 1933, katika mkutano wa maombi Gahini, mtu mmoja alisimama akaungama, akafuatwa na mwingine, kisha mwingine. Moto ukawaka. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliliita Kanisa la Uganda liamke, kisha akafariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Wito wake haukuzikwa naye. Timu za waumini zilivuka mipaka, zikafika Kenya mwaka 1937 na Tanganyika kabla ya muongo huo kwisha. Neno la Kiganda la waliookoka likaingia katika Kiswahili: walokole. Pamoja nalo ulienea wimbo wa Tukutendereza, na desturi ya ushirika, ambapo ndugu huketi pamoja wakifunguliana mioyo, askofu na mkulima kwenye benchi moja. Wenyewe waliiita desturi hiyo kutembea nuruni.

Unyenyekevu huo haukuwa woga. Wakati wa Mau Mau, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kiapo, wakakataa pia kushika bunduki za serikali, na baadhi waliuawa. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere alikimbilia uhamishoni, na kutoka huko akaandika kitabu cha kumsamehe na kumpenda Amin.

Hata hivyo kiburi kina njia nyingi za kurudi, hata ndani ya toba. Mwaka 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono baada ya mvutano kati ya walokole na uongozi. Wapo walioanza kupima nani ameungama vya kutosha. Na mwaka 1994, Rwanda, nchi iliyouona moto ule mapema, ilishuhudia mauaji ya kimbari, na damu ikamwagika hata ndani ya makanisa.

Jambo hilo linauma, na halifai kufunikwa. Mana ya jana haikuliwa leo, iliota mabuu. Toba ya babu zetu haitutakasi sisi. Wanaoombea uamsho mpya leo, kwa vipaza sauti na mikesha, wangefanya vema kuanza pale alipoanzia Kinuka: njiani, bila jukwaa, wakikubali kwamba neno lililosemwa linawahusu wao.